Kabla hujapiga Linux kwenye mashine ya kazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhama usiku mmoja kutoka Windows kwenda Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Nina steshenari ndogo jirani na chuo hapa Morogoro: kompyuta nne, printa mbili na mashine ya kutoa kopi. Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba mwisho wa kuihudumia Windows 10 ni tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zangu mbili, kuukuu lakini nzima kabisa, hazikukidhi masharti ya Windows 11. Hazikuwa na chipu ya usalama ya TPM 2.0, wala prosesa zake hazimo kwenye orodha inayokubalika. Hela ya kununua nyingine sikuwa nayo. Jumamosi baada ya kufunga duka nikafuta kila kitu, nikapiga Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwenye zote nne, nikaenda kulala saa nane za usiku nikijiona mjanja.

Jumatatu asubuhi akaja mwanafunzi na ripoti yake ya utafiti. Kwake ilikuwa na kurasa 62. Kwangu ikafunguka kurasa 65, orodha ya yaliyomo inasema sura ya nne ipo ukurasa wa 31 wakati imeshahamia wa 33, na jedwali moja limekatika kiunoni. Ukurasa nachapa kwa shilingi 100. Zile tatu za ziada alipe nani? Foleni yote nyuma yake ilikuwa kimya, inasubiri jibu langu.

Nililaumu LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, siku mbili nzima, kumbe tatizo lilikuwa fonti. Ripoti iliandikwa kwa Calibri na Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. Fonti isipokuwepo, programu inaokota nyingine inayofanana nayo. Herufi zikiwa pana kwa unywele tu, kila mstari unasukuma neno chini, na hadi ufike sura ya tano umeshazaa kurasa mpya. Dawa ipo na ni ya bure: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria. Zimechongwa makusudi ziwe na upana uleule, kwa hiyo mstari unakatika palepale. Kwa Times New Roman na Arial kuna familia ya Liberation inayofanya kazi hiyohiyo. Kwenye Mint fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Fanya hivyo kabla mteja wa kwanza hajaingia, siyo baada. Na hata ukishafanya, mzoeze mteja kuleta PDF kwa kazi ya kuchapa. PDF haihamihami.

Ningekuwa naanza upya leo, nisingegusa Windows kwa mwezi mzima. Ningeanza na programu. LibreOffice, Firefox na GIMP ya kuhariri picha zote zinafanya kazi ndani ya Windows vilevile. Zisakinishe, halafu jikataze Word kabisa. Utajua ndani ya wiki mbili nini kinakukwamisha: labda macro (amri za kujiendesha) za Excel za mhasibu wako, labda mfumo wa mauzo ulionunua ambao unaishi kwenye Windows tu. Ukigundua hilo ukiwa bado na Windows yako, umepoteza dakika kumi. Ukigundua baada ya kufuta diski, umepoteza siku ya kazi na heshima juu yake.

Baada ya hapo ndipo flashi inaingia. Faili la Mint ni kama GB 3, kwa hiyo panga bando au muombe mwenzio akunakilie. Kugawiana hapa ni halali, si kama zile Windows za kraki tulizozoea kupigiwa na mafundi. Likishuka, linganisha namba ya sha256, alama ya kutambua kama faili ni kamili, na ile iliyoandikwa na watengenezaji, maana mtandao ukikatikakatika faili hufika bovu na utahangaika usijue kwa nini. Liandike kwenye flashi kwa programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia, kisha washa mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Linux itafanya kazi kutoka kwenye flashi, taratibu kidogo, na diski yako haijaguswa.

Sasa usikae kuchezea mandhari na rangi za menyu. Chomeka printa yako, uchape. Washa Wi-Fi. Piga skani. Printa yangu moja ilikubali yenyewe kabla sijamaliza kukaa kwenye kiti. Ya pili, ya leza, ilikula siku tatu: draiva ya Linux ipo, lakini ilibidi niitafute, niisakinishe kwa mkono, na kila umeme ukikatika ilinidai niiamshe upya. Mwishowe niliiuza. Laiti ningeijaribu kwa flashi kabla. Wi-Fi ikikataa, unganisha simu kwa waya wa USB na ushee intaneti ya simu, kisha fungua kisimamizi cha draiva kitafute kinachokosekana.

Kama unabaki na mifumo miwili kwenye diski moja, mambo matatu ya haraka. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, na kama ndiyo, hifadhi ufunguo wake nje ya mashine. Zima ile "fast startup" (kuwaka haraka) ya Windows, la sivyo Linux itakataa kuandika kwenye diski ya Windows. Na saa: Windows huweka saa ya mashine kwa saa za hapa, Linux huiweka kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, kwa hiyo kila ukihama mfumo saa inapishana kwa saa 3 kamili. Si betri ya ubao mama iliyokufa, usimpe fundi hela. Amri hii kwenye teminali ya Linux inamaliza:

timedatectl set-local-rtc 1

Kitu ambacho sikukitarajia ni flashi za wateja. Kila mwenye steshenari anavijua virusi vinavyogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, mtu anaona kazi yake imepotea anaanza kulia. Kwenye Linux virusi hivyo haviwaki, na mafaili ambayo Windows imeyaficha yanaonekana wazi kama yalivyo. Nafuta zile njia za mkato za .lnk, natoa kazi ya mtu kwenye folda ilimofichwa, namrudishia. Lakini angalizo: mashine yako kutougua haina maana flashi imepona. Usipofuta, utamkabidhi mteja virusi vilevile akaviwashe nyumbani.

Kuhusu lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, wengi wa umri wangu hatukuwahi kuiona. Mimi menyu naziacha kwa Kiingereza kwa sababu tafsiri zimebaki nusunusu. Lakini kikagua tahajia cha Kiswahili nakitumia kila siku, pakiti yake inaitwa hunspell-sw. Binti anayenisaidia kuchapa barua za serikali za mitaa alikifurahia kuliko kitu kingine chochote kwenye Mint.

Mashine ya nne niliirudishia Windows baada ya wiki. Msimu wa harusi watu wanakuja na kadi za mwaka jana kwenye CorelDRAW au Publisher, wanataka zibadilishwe majina tu. LibreOffice Draw inafungua faili la Publisher, ila maandishi yanakaa ovyo, na mama wa bi harusi hataki kusikia habari za msimbo huria. Ile mashine ipo pembeni, nimeitoa kwenye mtandao kabisa, na flashi yoyote inapita kwanza kwenye Linux ndipo inaifikia.