Usiifunge kasi ya redio: ushauri kwa mafundi wa Wi-Fi wa kando ya ziwa

Mafundi wenzangu wa hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Nyegezi hata ng'ambo ya Kamanga, hunipigia simu wakiuliza jambo lilelile. Mteja analalamika kwamba mtandao unapanda na kushuka, sasa je, redio, yaani kifaa kinachotuma na kupokea Wi-Fi, ikifungwa kwenye kasi moja kubwa, tatizo si litaisha? Haliishi. Mara nyingi linazidi, na nimekuta viungo vizuri vya kuvuka maji, yaani antena mbili zinazoongea kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, vimekufa kabisa kwa sababu ya mpangilio huo mmoja tu.

Redio ya Wi-Fi imetengenezwa iwe na ngazi za kasi. Ile ya 802.11g, aina ya zamani ya Wi-Fi ambayo bado ipo kwenye mapaa mengi ya Mwanza, ina ngazi nane kuanzia megabiti 6 kwa sekunde hadi 54. Ngazi ya chini hubeba biti moja katika kila alama, yaani kila umbo la mawimbi linalotumwa, ya juu hubeba sita. Ukizibana biti nyingi hivyo, alama zinakaribiana mno, na kelele kidogo hewani inatosha kumfanya mpokeaji achanganye hii na ile. Ndiyo maana viwango vinataka redio iweze kusikia kasi ya 6 hata mawimbi yakiwa dhaifu kiasi cha -82 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndivyo yalivyo dhaifu), lakini kwa 54 kiwango ni -65. Tofauti hiyo ya desibeli 17 ni kama mara 50 ya nguvu. Ukiifunga redio kwenye 54, siku mawimbi yakipungua kidogo mteja hapati kasi ndogo. Hapati kitu.

Redio inajuaje ipande au ishuke? Kwa uthibitisho. Paketi, yaani kifurushi kimoja cha data, ikifika salama, upande wa pili unarudisha jibu fupi papo hapo. Jibu lisipokuja, mtumaji anahesabu kwamba paketi imepotea. Mwaka 1997 Ad Kamerman na Leo Monteban walieleza mbinu ya redio za WaveLAN-II: majibu 10 mfululizo yakifika, panda ngazi moja, mawili mfululizo yakikosekana, shuka. Ni mbinu nyepesi, na udhaifu wake ni kwamba hata kiungo kikiwa kimetulia, redio inaendelea kujaribu kupanda na kuanguka. Mbinu nyingine, Minstrel, inayotumika kwenye Linux na hivyo kwenye ruta nyingi zenye programu huria ya OpenWrt, ina akili zaidi. Huweka kumbukumbu ya mafanikio ya kila ngazi, hutenga takriban asilimia 10 ya paketi kwa kujaribu ngazi nyingine, halafu huchagua ile inayofikisha data nyingi zaidi kwa muda uliopo. Kama una ruta ya aina hiyo, fungua faili la rc_stats uone jedwali lenyewe la mafanikio ya kila ngazi. Binafsi naliamini kuliko kipimo chochote cha kasi cha kwenye simu.

Sasa tufike penye uzito. Jibu likikosekana, redio haiambiwi kwa nini. Huenda mawimbi ni dhaifu, au huenda paketi yako imegongana na ya jirani. Dawa ya haya mawili ni tofauti kabisa. Mawimbi yakiwa dhaifu, kushuka ngazi ndiko sahihi. Lakini kama ni mgongano, kushuka kunaongeza ubaya. Piga hesabu: paketi ya baiti 1500 ni biti 12,000. Kwa kasi ya 54 inakaa hewani kama mikrosekunde 220, kwa kasi ya 6 inakaa 2,000. Imejiweka wazi kugongwa kwa muda mara tisa zaidi.

Hali hiyo unaweza kuiona pale Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, ambako maduka na maghala yamebanana na kila paa lina antena. Asubuhi redio inasoma -58 dBm na kasi imekaa juu. Ikifika saa kumi jioni bado ni -58, haijasogea hata kidogo, ila kasi imeporomoka na paketi zinarudiwa ovyo. Fundi asiyetazama namba zote mbili ataongeza nguvu ya kutuma au ataleta antena kubwa zaidi, yaani atawapigia majirani kelele nao watamrudishia. Shika hili: nguvu ya mawimbi ikiwa palepale na kasi ikishuka, pima chaneli kwanza. Hama chaneli, au punguza upana wake kutoka megahezi 40 hadi 20. Kasi ya juu kwenye karatasi itapungua karibu nusu, lakini mteja ataona mtandao umekaa.

Kuna jambo jingine linaloiga mawimbi dhaifu, nalo ni umbali uliowekwa vibaya. Mawimbi yanatumia mikrosekunde moja kwa kila mita 300. Kiungo cha kilomita 8 kinahitaji takriban mikrosekunde 53 kwenda na kurudi, wakati redio iliyopangwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba imekwisha kata tamaa zamani. Paketi imefika, jibu limetumwa, lakini limechelewa, basi inahesabiwa kuwa imepotea. Kasi inashuka hadi sakafuni huku mawimbi ni mazuri. Kwenye mipangilio weka umbali halisi, uongeze kidogo, na usifanye kazi nyingine kabla ya hapo.

Halafu maji yenyewe. Watu wengi hulaumu mvua. Kwenye gigahezi 5 na umbali wetu huu mfupi, mvua hupunguza mawimbi kidogo sana. Mtandao ukifa kila mvua inaponyesha, kagua viunganishi kama vimeingia maji na mlingoti kama unayumba. Adui mkubwa zaidi ni uso wa ziwa, maana mawimbi ya redio yanaakisiwa juu yake na kufika kwa njia ya pili. Njia hizo mbili mara husaidiana, mara hufutana, kwa kutegemea kimo cha maji na hali ya hewa iliyolala juu yake, ambayo ya alfajiri si ya adhuhuri. Ndiyo sababu kiungo kinaweza kuzorota siku ya jua kali bila wingu, na ndiyo sababu mwaka 2020, ziwa lilipopanda sana, kimo kilichopimwa miaka ya nyuma hakikuwa tena cha kutegemea.

Hapa mawe ya Mwanza ni neema. Weka antena moja juu kilimani na nyingine chini, sehemu ya kuakisi itasogea karibu na ile ya chini. Kisha hiyo ya chini irudishe nyuma ya ufukwe, nyuma kidogo ya jabali au ukingo wa paa, ili njia ya kutoka majini izibwe na ile ya moja kwa moja ibaki wazi. Kwa kilomita 8 unahitaji nafasi ya kama mita 6 kati ya mstari wa mawimbi na maji, katikati ya safari, achilia mbali kimo cha mitumbwi na milingoti yake.

Kwa wenye loji na migahawa ya ufukweni, shida huwa ni mgeni mmoja aliyekaa mbali na simu yake. Anaongea na ruta kwa megabiti 1, kasi ya zamani iliyo chini hata ya zile ngazi nane, na wakati paketi yake inajikokota wengine wote wanasubiri. Zima kasi za zamani za 1 na 2, matangazo ya ruta yenyewe pia yatachukua muda mfupi hewani. Ila usizizime kama huko mbali ndiko wanakokaa wavuvi au wafanyakazi wanaoutegemea mtandao huo. Hao waongezee ruta ya pili karibu nao.

Kama ni lazima uzuie kitu, zuia ngazi za juu tu, usiifunge redio kwenye ngazi moja. Ukiona kwenye jedwali kwamba ngazi mbili za juu zinafeli kila mara, ziondoe ili redio isipoteze muda kuzijaribu, na zile za chini zote ziache. Kabla ya kukabidhi kazi, andika nguvu ya mawimbi, kelele na kasi alfajiri, mchana na usiku, kwa siku kadhaa, kisha kasi utakayomwandikia mteja kwenye mkataba iwe ile ya saa mbaya kuliko zote.