Usitoe filta, mkuu. Hiyo AC itakufia

Mkuu, umeandika kwamba fundi amekushauri uchomoe kabisa filta, zile nyavu za AC za kuchuja vumbi, "ili ipumue vizuri", na kwamba kesho unazitoa. Acha kwanza. Soma hapa mpaka mwisho ndipo uamue.

Maneno hayo hayo niliambiwa na mimi. AC ya chumbani ilikuwa imepunguza ubaridi, fundi akafungua kifuniko, akachomoa filta zote mbili na kuniambia ndizo zinazobana upepo. Kweli, alipowasha, upepo ukaja kwa nguvu. Ubaya wa ushauri huu ni huo: faida unaiona papo hapo, hasara inakuja baadaye kimyakimya.

Ndani hali iko hivi. Hewa ya chumba inavutwa kwa juu, inapita kwenye filta, halafu kwenye koili, yaani yale mapezi membamba ya alumini yaliyobanana kama kurasa za kitabu, ndipo feni inaisukuma itokee chini. AC ikiwa kazini koili imelowa muda wote, maana unyevu wa hewa unageuka maji pale. Vumbi likikutana na maji ni tope. Filta ikiwepo vumbi linaishia kwenye wavu unaooshwa bombani; isipokuwepo linajaa katikati ya mapezi, linaziba bomba la kutoa maji, na linashika kwenye vibawa vya feni mpaka isukume hewa kiduchu.

Upepo ukishapungua, koili haipati joto la kutosha kutoka chumbani. Inapoa kupita kiasi, inashuka chini ya nyuzi 0, na yale maji yanakuwa barafu. Yangu ilianza kwa kudondosha maji ukutani. Nikafunua kifuniko: upande mmoja ganda jeupe la barafu, upande wa pili tope la kijivu lenye nyuzi za blanketi na nywele, limeshikana hata mapezi yenyewe hayaonekani.

Na pesa ilinitoka hapo. Fundi yule yule akarudi, akaona barafu, akasema gesi imepungua. Akajaza. Mkuu, gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta panapovuja hajakutengenezea kitu. Kwangu hapakuwa na uvujaji wowote. Koili ikiziba, geji, yaani kile kipimo cha presha ya gesi, inasoma presha ya chini vilevile kama gesi imepungua, na mtu mvivu wa kuangalia koili anajaza tu. Baridi haikurudi, akajaza tena. Sasa gesi huingia kwenye koili ikiwa kimiminika, na koili iliyoziba haiwezi kuigeuza yote kuwa mvuke, kwa hiyo nyingine inarudi kwenye kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, ikiwa bado kimiminika, na kompresa imeundwa kusukuma mvuke. Ikafa. Huyu ni mtu anayekula kwa kazi hii kila siku, na bado alinitazama machoni akaniambia AC imechoka, ninunue nyingine! Nikisoma umeambiwa maneno yale yale, damu inanichemka.

Filta yako iko wapi? Zima kwa rimoti, kisha zima swichi ya ukutani. Shika kifuniko cha mbele kulia na kushoto, kwenye vile vishikio vya kidole, vuta kuja kwako, inua mpaka kisimame chenyewe. Nyavu ziko hapo mbele ya macho yako. Inua kidogo ile sehemu ya chini itoke kwenye ndoano, halafu vuta kwa chini. Mapezi ya alumini usiyaguse kwa vidole, yanakata na yanapinda upesi.

Osha kwa maji ya kawaida, ukimwagia kutoka upande wa nyuma ili vumbi litokee lilikoingilia. Likigoma tumia sabuni laini. Maji yasizidi nyuzi 40 na usianike juani, fremu itapinda na haitaingia tena. Ikauke kabisa kivulini, na ikiwa bado inakauka AC ibaki imezimwa, hata kama joto linakutesa. Kununua mpya si lazima kama wavu haujachanika. Kama AC inatumika kila siku, osha kila baada ya wiki 2.

Ukirudisha na baridi bado ni hafifu, tafuta fundi mwingine, na jambo la kwanza afungue kifuniko mbele yako akuoneshe koili. Ikiwa chafu, aioshe, AC ifanye kazi kwanza, ndipo muongee habari za gesi. Akianza kwa kufunga geji, mzuie.