Meshuggah wanahesabu vipi? Na kwa nini gitaa lako linatoa matope

SWALI: Kaka, mi napiga gitaa, Meshuggah, ile bendi ya metali, nawasikiliza kila siku ila nikihesabu napotea. Mara naona 5, mara 7, halafu matoazi yanaenda 4/4 tu, yaani mapigo manne manne. Wanabadilisha mapigo kila saa? Na nikilegeza nyuzi nifike chini kama wao, sauti inakuwa matope.

JIBU: Mdogo wangu, mara nyingi hawabadilishi kitu, ni 4/4 mwanzo mwisho. We yaamini matoazi. Tomas Haake, mpiga ngoma wao, mkono unashika robo za kawaida, yaani yale mapigo manne ya kila baa (kipimo kimoja cha muziki), snea (ile ngoma ndogo yenye sauti kali) inatua kwenye pigo la tatu, miguu kwenye ngoma kubwa ndo inaenda na gitaa, na gitaa linazunguka mzunguko usiolingana na baa.

Chukua rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, ya noti 11. Baa moja ina noti 16 za haraka, kwa hiyo kila rifu ikirudi inaanzia sehemu nyingine ya baa, yaani hapo ndo unapotea, ila ukifika baa ya 8 umeshapiga noti 128, rifu imezunguka mara 11 ambazo ni 121, zimebaki 7, wanapiga hizo 7 wanakata, wote wanatua kwenye pigo la kwanza. Raha sana pale wanapotua!

Hawakuanza hivi. Walianza 1987 kule Umeå, Sweden, albamu ya 1991 bado ni thrash (metali ya kasi), njia yao ikaonekana kwenye albamu ya Destroy Erase Improve ya 1995. Albamu ya Nothing ya 2002 walirekodi na gitaa za nyuzi 7 zilizolegezwa sababu zile za 8 hazikuwa tayari kwa kazi, 2006 wakarudia magitaa na nyuzi 8.

Na hapo ndo penye matope yako. F yao ya chini ni kama hezi 44 (mitetemo kwa sekunde), E ya chini ya gitaa la besi ni 41, tofauti ni nusu toni tu! Uzi wa kawaida ukiulegeza hivyo unalala, unahitaji uzi mnene na gitaa lenye shingo ndefu. Halafu punguza geini (ule mkwaruzo wa amp), ndio punguza, kata na besi kwenye amp, ule uzito mwachie mpiga besi, we ziba nyuzi na kiganja upige kwa nguvu.

Mazoezi: mguu ugonge robo na metronomu huku mdomo unaimba rifu, gitaa usiliguse mpaka mguu uache kuyumba. Anza na wimbo wao Rational Gaze, mwendo wake wa pole. Ule wimbo wa Bleed uache kwanza.