Mulhacén peke yako Desemba? Anza na mifereji kwanza

Mkuu, nimekusoma. Unakwenda Granada, kusini mwa Hispania, kusoma kuanzia Septemba, Kilimanjaro umeshafika Uhuru mara mbili, na unauliza kama unaweza kupanda Mulhacén, kilele cha milima ya Sierra Nevada, peke yako wikendi moja ya Desemba, kwa sababu "ni mita 3,479 tu". Halafu umeuliza maisha ya vijiji vya kule yakoje. Hiyo "tu" mimi niliilipia kwa ngozi ya kiganja, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Mimi ni wa Machame, Kilimanjaro. Nilibeba mizigo mlimani misimu minne, kisha maisha yakanipeleka Capileira, upande wa kusini wa Sierra Nevada, nikakaa miaka mitatu nikiosha vyombo na baadaye kupika kwenye nyumba ya wageni. Capileira ni cha juu kabisa kati ya vijiji vitatu vilivyoning'inia kwenye bonde la mto Poqueira. Chini yake kuna Bubión, na chini zaidi Pampaneira. Mwinuko wake ni kama mita 1,400 na kitu, kwa hiyo mapafu yangu hayakushtuka hata kidogo. Nadhani hapo ndipo kiburi kilipoanzia.

Aprili yangu ya kwanza nilidamka, nikavaa raba, nikatia mkate na maji kwenye begi, nikaanza kupanda. Nilikuwa najiambia kwamba mtu aliyefikisha trei za mayai Kibo bila kuvunja hata moja hawezi kusumbuliwa na kilima hiki. Hadi Hoya del Portillo, kama mita 2,150, ni msitu wa misonobari na njia inaonekana vizuri. Baada ya hapo theluji. Na si ile laini ya kuchezea. Imeyeyuka mchana, ikaganda usiku, asubuhi uso wake umekuwa kama kioo. Niliteleza mahali ambapo hata mteremko si mkali, nikaserereka mita kadhaa, nikasimamishwa na jiwe. Kiganja kikachunika chote. Nilikaa pale nikitetemeka, nikageuka.

Kilichonidanganya ni hiki. Kilimanjaro iko karibu na ikweta. Theluji yake inakaa juu kabisa, na ukipanda Januari au Agosti tofauti si ya kutisha. Mulhacén ina majira. Milima ile ile ambayo Agosti utaipanda na fulana, Desemba hadi Aprili, na mara nyingine Mei, ni barafu kuanzia mbali sana chini ya kilele. Bila meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu, shoka la barafu, na mtu aliyekufundisha kuvitumia, hupandi. Na kule hakuna sheria ya kulazimisha kiongozi kama kwetu, hakuna mpishi wala wagumu wa kukubebea hema. Hakuna atakayekuzuia, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Desemba kwa hiyo jibu ni hapana.

Nilirudi kijijini nimefunga mkono kwa soksi. Mama mwenye nyumba ya wageni, mjane wa miaka sabini na kitu, hakunipa hata pole. Alinitazama viatu, akasema kama miguu inaniwasha namna hiyo, Jumamosi kaka yake anahitaji mtu wa kushika jembe kwenye acequia.

Acequia ni mfereji wa maji. Nilipoiona ile Jumamosi nilicheka peke yangu, maana ilikuwa mfongo, mfereji wetu Wachaga! Mfongo kabisa, kama ule wa babu yangu: umechimbwa kwa mkono, unashika ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno hivi kwamba jicho linasema maji yanapanda. Unagawiwa kwa zamu, una mtu wa kuusimamia (wao humwita acequiero), na kila majira ya kuchipua watu hutoka na majembe kuzibua majani na mawe. Tofauti ni kwamba hakukuwa na mbege mwisho wa kazi, kulikuwa na divai.

Mifereji hiyo waliichimba au kuipanua Waislamu waliotawala kule karne nyingi. Granada ilianguka mikononi mwa Wakristo mwaka 1492, wazao wao wakabaki milimani, wakaasi mwaka 1568, na vita ilipokwisha mwaka 1571 walikuwa wamehamishwa, kisha nafasi yao wakapewa watu kutoka kaskazini. Wenyeji husimulia kwamba kila kijiji kiliachiwa familia mbili za wazao hao ili wawafundishe wageni jinsi maji yanavyoendeshwa. Hata kilele chenyewe, Mulhacén, ni jina la mfalme wao wa mwisho-mwisho, Muley Hacén, na hadithi inasema alizikwa juu kule.

Na lugha imebaki. Nilifika sijui Kihispania, lakini nikiwa jikoni nikisikia azúcar najua ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni. Fulano ni fulani wetu yule yule. Hasta ni hata. Kiarabu kimetupitia sote, sisi kupitia pwani na wao kule milimani. Nyumba pia: kuta za mawe zilizopakwa chokaa, boriti za mti, na paa la bapa. Mtu wa Lamu angejisikia kwao, ila juu ya paa wanamwaga udongo wa kijivu unaoitwa launa, ambao ukishindiliwa haupitishi mvua. Paa ndiyo ua: hapo zinaanikwa pilipili na tini.

Sasa jambo lililonibadilisha. Kaka wa yule mama alinipeleka juu zaidi, kwenye mfereji ambao hauendi shambani. Unachukua maji ya theluji inayoyeyuka, unayatembeza ubavuni, halafu unayamwaga kwenye eneo la mawe yaliyopasuka. Basi. Yanapotelea ardhini. Nikamuuliza mbona mnamwaga maji? Akaelekeza kidole chini kijijini. Maji hayo yanazama na kushuka polepole ndani ya mlima, yanatokea kwenye chemchemi za chini wiki au miezi baadaye, wakati wa kiangazi ambapo juu hakuna tena theluji. Wanaiita careo. Yaani bomba la mawe kwenye uwanja wa Capileira, unalojazia chupa Agosti, linakunywesha theluji ya Aprili. Mfongo wa kwetu umekauka nikiwa shule ya msingi, na wazee walikuwa wanalaumu msitu, wanalaumu vijana. Nilisimama pale nikiwa na jembe begani, nikamkumbuka babu.

Kwa hiyo ushauri wangu, mkuu, ndio huu. Septemba ukifika, kabla ya kilele, tembea kwa kufuata acequia. Kwa sababu mfereji hauendi juu wala chini, ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa mgeni: unauweka upande mmoja, unatembea kwenye ukingo wake saa tatu bila kuhema. Kutoka Capileira ingia bonde la Poqueira hadi La Cebadilla, kijiji kilichohamwa ambako waliishi wafanyakazi wa umeme wa maji, uvuke mto, urudi upande wa pili. Ukizoea, lala kibanda cha Poqueira, mita 2,500. Kina mlinzi na chakula, ila uagize nafasi mapema.

Mulhacén ipande mwishoni mwa Septemba kama hali ya hewa ni njema. Majira ya joto kuna basi dogo la hifadhi linalotoka Capileira hadi karibu mita 2,700; uliza mapema ratiba yake inaisha lini, na weka nafasi. Kutoka hapo ni saa mbili hadi mbili na nusu kwa mguu wa kawaida. Anza asubuhi; radi za mchana kule hazina mchezo, na juu hakuna mti. Siku ikiwa safi utaona bahari, na ng'ambo ya bahari milima ya Moroko. Mimi nilipoiona Afrika kutoka pale nilikaa chini kidogo. Dharura ni 112.

Maisha ya kijijini nayapitia haraka. Maduka hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kwa hiyo usishuke mlimani ukitegemea kununua mkate saa tisa. Chakula cha usiku ni saa tatu kwenda mbele. Kama hutumii nguruwe sema mapema, tena useme na ham, kwa sababu wapo wasioihesabu kuwa nyama. Trevélez, bonde la jirani, inaishi kwa kuanika mapaja ya nguruwe. Agiza patatas a lo pobre, viazi na pilipili hoho katika mafuta ya zeituni, na siku ya mvua omba migas, makombo ya mkate au unga uliokaangwa. Kila unayekutana naye njiani unamsalimu, "buenas" inatosha. Usiposalimu watakuona mtu wa mjini.

Na ukikuta jiwe au bati limeziba tundu kwenye mfereji, usiliguse hata kama linaonekana limeangukia tu hapo. Hiyo ni zamu ya mtu. Mimi nililisogeza moja nipate kuosha viatu, na kabla sijamaliza kiatu cha pili, mzee mmoja alikuwa ananiita kutoka shamba la chini kwa sauti ambayo babu yangu angeitambua.