Mnapokosa kufika kortini: maneno kwa makarani na mawakili wapya

Kila wiki korti za Malindi ni yaleyale. Kesi inaitwa, hakuna anayesimama, na saa tano kasoro karani kijana anaingia masijala akihema: "Sisi bado hatujaitwa, sivyo?" Mliitwa, mwanangu. Mkaitwa tena. Faili imesharudi rafuni.

Hakuna anayewalaumu kwa kukosa kufika. Basi la kutoka Lamu hukwama njiani, kusi huchafua bahari, wateja hulazwa. Tunachowalaumu ni kunyamaza mpaka mambo yaharibike.

1. Jueni siku hiyo ni ya nini. Siku ya kutajwa, yaani ya kupanga tu hatua za kesi, mwenzako anaweza kukuchukulia tarehe, basi. Siku ya kusikizwa, yaani ya mashahidi, kuahirisha si rahisi: Amri ya 17 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 inataka sababu ya kutosha. Ile ya "wakili yuko korti nyingine" mahakimu wameisikia hata wanaimalizia wenyewe.

2. Mwandikieni wakili wa upande wa pili mara tu mnapojua, nakala iwekwe kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni, kisha mpigieni karani wa korti hiyo mhakikishe imeonekana. Barua iliyoingia saa mbili na nusu asubuhi haitasomwa na hakimu anayeketi saa tatu. Na "sawa" ya WhatsApp si maafikiano. Hata maafikiano yenyewe hayamfungi hakimu.

3. Hili la kumwomba mwenzako asimame kwa niaba yako ndilo lenye uchungu, na hapa sote tuna dhambi. Usiku wa kuamkia kesi unamtumia mwenzako namba ya faili na maneno matatu: "Nichukulie tarehe tafadhali." Anakubali kwa wema wake. Asubuhi, tuseme ni Lamu, anasimama kwa niaba yako na hakimu anaanza. Wakili yuko wapi? Ushahidi wa hilo uko wapi? Upande wa pili uliarifiwa lini? Mashahidi wamefika? Maskini hajui lolote. "Sina maagizo zaidi, mheshimiwa." Na kule benchi la nyuma ameketi shahidi wako, mzee wa Kizingitini, kisiwani Pate. Boti hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakijaa, kwa hivyo mzee amesafiri kwa saa ya maji, si kwa saa ya korti; akalala kwa jamaa zake mtaa wa Langoni, akavaa kanzu safi, akawahi kabla ya kila mtu. Hakimu anamwona. Anakataa kuahirisha, kesi iendelee. Mwenzako hana faili, hawezi kumwongoza shahidi hata kwa swali la kwanza. Kesi inatupwa, na gharama juu. Mzee anauliza, "Mimi nasema saa ngapi?" Hakuna wa kumjibu, na wewe ndiye utakayempigia mteja simu.

Kwa hivyo mwenzako apewe haya: korti na namba ya kesi; siku ni ya nini; sababu na karatasi yake, iwe tiketi au barua ya daktari yenye tarehe na muhuri; msimamo wa upande wa pili; mashahidi wangapi wamefika; tarehe tatu unazoweza; na kama uko tayari kulipa nauli na posho za mashahidi. Hiyo ya mwisho aitamke kabla hajaulizwa, hakimu hulegea. Shahidi wa Faza au Kizingitini mpigie kabla boti haijang'oa nanga.

4. Kesi ikishatupwa, fungueni Amri ya 12 ya Kanuni hizohizo kabla ya kulia. Ikiwa pande zote mbili hazikufika, kanuni ya 6 inakuruhusu kuomba irejeshwe, au kufungua mpya iwapo muda wa kisheria haujapita. Lakini ikitupwa chini ya kanuni ya 3, yaani mdaiwa alifika na wewe wa upande wa mdai hukufika, kesi mpya kwa madai yaleyale haipo. Umebaki na ombi la kufuta uamuzi huo wa kuitupa kesi, chini ya kanuni ya 7. Hata hivyo kuna wanaokimbilia kulipia kesi mpya! Ombi liende na hati ya kiapo yenye tarehe, saa na vielelezo. Tangu uamuzi wa kesi ya Shah dhidi ya Mbogo, 1967, korti humwonea huruma aliyepatwa na ajali au kosa linalosameheka, si anayechelewesha kwa makusudi. Na kila siku unayokaa bila kuwasilisha ombi, utaulizwa ulikuwa wapi.

5. Kesi ikisikizwa kwa mtandao, ombeni kiungo siku moja kabla, jina na namba ya kesi vionekane kwenye skrini, maikrofoni izimwe. Ukidai uko Nairobi, punda wa Lamu atakuumbua.

6. Jinai ni habari nyingine. Barua yako haitoshi; anayetakiwa ni mshtakiwa mwenyewe. Akikosa, waranti hutolewa na mdhamini huitwa ajieleze. Akiwa mgonjwa, mdhamini aende kortini siku hiyohiyo na karatasi ya hospitali. Waranti ikishatoka, mleteni wenyewe asubuhi inayofuata kabla askari hawajamfuata: mpitie masijala, faili iitwe, muombe waranti ifutwe, mdhamini akiwa pembeni na kitambulisho chake. Ijumaa alasiri msijaribu. Hakimu akishaondoka, mtu wenu atalala selo hadi Jumatatu.