Nimeunganisha sloti na pointi za uchawi, sasa wizadi anamaliza kila vita. Nipunguze dadu?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Nkuhungu, Dodoma, naendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, toleo la 5 lile la 2014, na washkaji wanne kila Jumamosi, wako levo ya 5. Uchawi wote nimeufanya wa pointi badala ya sloti, zile nafasi za kurusha uchawi kwa siku, na nusu ya pointi inarudi kila wakipumzika saa 1. Wizadi, yule mchawi wetu, anawamaliza maadui peke yake. Uchawi wake wa mpira wa moto nimeushusha toka dadu 8 mpaka 6, bado. Nishushe mpaka 4?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usishushe, na hizo 2 ulizotoa zirudishe leo leo.

Kila anayechanganya mifumo ya uchawi anakimbilia dadu kwa sababu demeji, yaani madhara anayopata adui, ndo inaonekana mezani, kumbe ugonjwa uko kwenye kujaza. Wizadi ni simtanki, linajaa mara moja, akilala saa 8. Woloki, mchawi wa aina nyingine, ana ndoo mbili tu ila anaruhusiwa kurudi bombani kila mapumziko mafupi, yale ya saa 1. Mizani ilikaa hapo. Wewe umelipatia simtanki ruhusa ya ndoo, na mtu wa Dodoma aliyewahi kusubiri mgao wa maji anajua hiyo ni mali kiasi gani!

Piga hesabu. Kwenye jedwali la pointi wizadi wa levo 5 ana 27, mpira wa moto unakula 5. Kwako akipumzika mara 2 anaongezewa 13 na 13, jumla 53, yaani mipira 10 kwa siku. Kwa sloti za kawaida ana 2, na wa tatu akitumia ile haki ya kujirudishia mara moja kwa siku. Dadu 8 wastani ni 28, mara 3 ni 84. Yako ya dadu 6 ni 21 mara 10, 210. Hata ukishusha mpaka 4 ni 140, na mwenye upanga bado anakaa anatafuna karanga akisubiri vita iishe.

Kinachonikera mno ni zile PDF za kwenye magrupu, eti sheria zilizosawazishwa, mtu kalinganisha demeji ya kila speli akaona kamaliza, hajaendesha hata kikao kimoja, na watu wanazibeba hivyo hivyo. Wengine wanafuta na konsentresheni kabisa, lile sharti la kushikilia speli moja tu kwa wakati, halafu wanashangaa. Angalieni kofiloki: woloki aliyejichanganya na sosera, aina nyingine tena ya mchawi, anageuza sloti kuwa pointi, pointi kuwa sloti, kila baada ya saa 1, na kwa vile alizotengeneza zinafutika akilala usingizi mrefu tu, basi yeye hakubali kulala, zinarundikana mpaka basi. Pale hakuna dadu hata moja iliyoguswa jamani.

Kwako fanya hivi. Pointi zote zirudi kwa usingizi wa saa 8 tu, woloki mwachie sloti zake 2 nje ya hilo fungu, na speli za levo ya 3, daraja la huo mpira wa moto, zisizidi 3 kwa siku, maana pointi 27 peke yake bado zinatoa mipira 5. Halafu Jumamosi wapitishe siku moja ya vita 6 na mapumziko mafupi 2, bila kulala katikati hata wakikubembeleza. Wizadi akifika vita ya 5 na nusu ya pointi mkononi, niandikie tena, unitumie na karatasi ya mhusika wake.