Maswali na majibu: Sindano ya mgongo kwa maumivu ya mshipa wa fahamu

Ninaendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibumba. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni na kuteremka hadi kwenye unyayo wa kushoto. Je, ni kweli kuna sindano inayoponya hali hii? (Majengo, Goma)

Kaka, maumivu yanayofuata mguu hivyo kwa kawaida hutoka kwenye shina la mshipa wa fahamu, pale linapochomoza kutoka katika uti wa mgongo. Mara nyingi kisahani kilicho kati ya pingili mbili kimetokeza na kulibana, na ute wake huamsha uvimbe unaolichoma. Sindano ya kortikoidi, yaani dawa kali ya kuzima uvimbe, huutuliza uvimbe huo, lakini haikirudishi kisahani mahali pake. Kwa wanaofaidika, nafuu huja baada ya siku chache na hudumu kwa wiki kadhaa au miezi michache. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 hata wasipochomwa sindano, kwa hiyo faida yake kubwa ni kukuwezesha kulala, kutembea na kufanya mazoezi wakati mwili unajitengeneza. Magunia ya viazi na makaa yasubiri kwanza.

Duka la dawa la Birere hunichoma deksa takoni kila mgongo unaponishika. Je, si dawa ileile? (Mwalimu, Katindo)

Mwalimu, deksa (deksamethasoni) nayo ni kortikoidi, kwa hiyo dawa inaweza kuwa ya jamii ileile, lakini tiba si ileile. Sindano ninayoizungumzia hufanywa na daktari aliyefunzwa: unalala kifudifudi, ngozi inasafishwa na kufishwa ganzi, kisha sindano inaongozwa kwa picha za eksirei hadi kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, na dawa ya rangi hutangulia ili kuthibitisha kwamba ncha imefika panapotakiwa. Deksa ya takoni husambaa mwili mzima. Ikirudiwa mara kwa mara hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao bado tunao huku kwetu. Kortikoidi hupunguza maumivu kwa muda huku ikidhoofisha kinga ya mwili, na ugonjwa unaendelea kula pingili bila mtu kushtuka. Kwa hiyo mwenye maumivu yanayozidi usiku, homa, jasho la usiku au kukonda apimwe kwanza, kabla ya kukubali kortikoidi yoyote, ya takoni au ya mgongoni.

Sindano ya mgongoni inaweza kurudiwa mara ngapi? (Virunga)

Madaktari wengi hawapendi kuzidisha mara 3 au 4 kwa mwaka. Ya kwanza isipoleta nafuu yoyote, chanzo cha maumivu kichunguzwe upya kabla ya kufikiria nyingine.

Jirani anasema sindano hiyo inapoozesha. (Himbi)

Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Mwaka 2012 nchini Marekani, dawa iliyochafuliwa na kuvu iliwaambukiza watu zaidi ya 700, na zaidi ya 60 walifariki. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kuhusu visa vichache vya kiharusi, upofu na kupooza. Ndiyo maana usafi, chupa ya dawa isiyofunguliwa na mkono wenye ujuzi ni masharti yasiyojadiliwa. Hata hivyo, mama, kupooza kunaweza pia kuletwa na ugonjwa wenyewe: ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, ukifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu hapo huenda ukahitaji upasuaji wa haraka.

Nina kisukari. Je, nikatae? (Ndosho)

Si lazima, ila mwambie daktari mapema. Sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, basi pima mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Taja pia dawa za kuzuia damu kuganda kama unazitumia, wala usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.